Kanuni za Nyumba Yetu Kaka Aliporudi Kutoka Vitani

Nyumba yenye askari aliyerudi na kiwewe huwa na kanuni ambazo hakuna anayezitangaza. Kwetu zilikuwa hivi. Usimwamshe kaka kwa kumgusa bega. Simama miguuni mwa kitanda umwite jina. Usimtokee kwa nyuma. Kiti kinachotazama mlango ni chake hata kama hayupo. Mlango usibamizwe. Mfuniko wa sufuria ukikuponyoka jikoni, paza sauti upesi, "Ni mimi, ni mfuniko tu," kabla hajafika. Habari za vita zikianza kwenye televisheni, badilisha, ila usibadilishe kwa pupa, maana naye anaona kwamba umebadilisha kwa ajili yake.

Nilikuwa na miaka 15. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Mtoto wa umri ule hung'amua haraka sana ni nini ndani ya nyumba kinaweza kumfanya mtu mzima afoke au alie, na mimi niliyaona yote mawili mapema.

Vita vyenyewe sitavitaja. Kaka ameniomba hivyo, na sidhani kama jina lingebadilisha kitu. Ninachotaka kuzungumzia ni zile kanuni. Nimezitafakari kwa miaka, na naamini zilikuwa za namna mbili zilizofanana mno kwa nje. Kuna zilizokuwa heshima kwa mtu anayeumwa, na kuna zilizokuwa zinaulisha ugonjwa wenyewe. Aliyekaa mahali pabaya kuliko wote kuweza kuzitofautisha ni mdogo mtu, yaani mimi.

Kabla ya jeshi kaka alikuwa mtu wa makelele. Akioga anaimba, akiangalia mpira anabishana na refa kana kwamba refa anamsikia. Mchezo wake mkubwa ulikuwa kujibanza nyuma ya mlango anishtue, halafu anicheke mpaka akae chini. Alipoondoka nilikuwa nimeshapanga: siku akirudi nami nitajibanza, nimlipize. Unaweza kukisia kwamba mpango huo ulikufa mapema.

Alirudi mzima wa viungo. Hakuwa na bandeji wala mkongojo, na kwa waliokuja kumwona hilo lilitosha: mshukuruni Mungu, karudi salama. Sisi tuliokuwa tunalala naye nyumba moja ndio tuliosikia usiku. Anaamka amelowa jasho, anazunguka kukagua milango na madirisha, anarudi kulala, anaamka tena kukagua yaleyale. Mchana yupo lakini hayupo. Unamweleza jambo, anaitikia "ehe, ehe", ukimwuliza umesema nini hajui. Akicheka, anacheka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwamba hapa watu hucheka. Kitu kidogo kikimuudhi, hasira inapanda yote kwa mkupuo mmoja. Na kuna mambo hakuyagusa kabisa: picha za kikosini, simu za wenzake, jina la rafiki yake mmoja ambaye hakurudi.

Mama aliita uchovu. Baba aliita ukimya wa kiume. Mimi nilienda maktaba, maana huko hakuna anayekuuliza kwa nini unasoma unachosoma. Ndipo nikakuta kwamba watu wamekuwa wakilipa jambo hili majina mabaya kwa muda mrefu sana. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika katika jarida la kitabibu la Lancet juu ya askari waliopotewa na kumbukumbu na hata uwezo wa kuona, kunusa na kuonja baada ya makombora kulipuka karibu nao. Dhana ya mwanzo ilikuwa kwamba mlipuko umeutikisa ubongo. Kisha wakaletwa wengine wenye dalili za aina hiyohiyo ambao hawakuwahi kuwa karibu na mlipuko wowote, na hapo maelezo yakagota. Wengi waliitwa waoga. Katika vita hivyo Uingereza iliwapiga risasi askari wake yenyewe kwa makosa kama utoro na woga. 306 kati yao walisamehewa mwaka 2006, wakati hakuna hata mmoja aliyekuwa hai kuupokea msamaha huo. Ilibidi ifike 1980, baada ya vita vya Vietnam na shinikizo la wapiganaji wa zamani wenyewe, ndipo chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipouandika rasmi ugonjwa wa PTSD, yaani msongo wa baada ya kiwewe, katika mwongozo wake.

Nakumbuka nilivyosimama na kile kitabu mkononi. Dalili zimepangwa katika mafungu manne: tukio kujirudia kwa kumbukumbu za ghafla na jinamizi, kukwepa chochote kinacholikumbusha, mawazo na hisia kugeuka kuwa giza, na mwili kukaa chonjo muda wote. Zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha ya mtu, huo ni ugonjwa. Ilikuwa kama mtu ameingia kwetu usiku na kuandika alichokiona. Kitabu kilisema pia kwamba askari wengi wanaopita vitani hawaupati, jambo ambalo lilinikasirisha badala ya kunifariji. Kwa nini basi wetu?

Maelezo ya mwili niliyaelewa upesi kuliko maelezo ya moyo. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, kazi yake kupiga mbiu ya hatari. Mbiu ikipigwa, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, misuli inakaza, na hayo yote hutokea kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayofikiri, haijauliza "hivi ni nini?" Vitani kasi hiyo ndiyo inayokuacha hai. Kwa mtu mwenye PTSD, mlinzi huyu hajaambiwa kuwa zamu yake imekwisha. Ndiyo maana kumwambia kaka "mbona ni mfuniko tu" hakukuwa na maana kubwa baada ya yeye kushtuka. Anajua ni mfuniko. Mwili wake ndio ulioamua kabla hajajua. Kusema mapema ndiko kulikosaidia, kwa sababu sauti yangu ilimfikia sambamba na ule mshindo.

Sasa nije kwenye zile kanuni mbaya.

Kaka hakuweza kukaa penye watu wengi. Foleni ilimtoa jasho, basi lililojaa lilimfanya ashuke kabla ya kituo chake. Kwa hiyo nikawa natumwa mimi. Kuchukua dawa, kulipia bili, kupeleka fomu, kununua hiki na kile. Akialikwa mahali, mimi ndiye ninayeandika ujumbe wa kumtolea udhuru. Marafiki zangu wakitaka kuja nyumbani, nawaambia kuna wageni. Ukiniuliza wakati ule, ningekwambia huo ndio upendo, na nisikufiche, kulikuwa na utamu ndani yake. Kaka mkubwa, askari, ananihitaji mimi. Wazazi walinisifu kwa kukomaa kabla ya umri.

Kilichokuwa kinatokea chini ya sifa hizo ni hiki. Kila mtu anapokwepa kinachomtisha, hofu hushuka papo hapo, na ule unafuu ni zawadi. Ubongo unaweka kumbukumbu: umeokoka kwa sababu hukwenda. Kesho hofu ya foleni inakuwa kubwa zaidi kwa sababu haijawahi kupata nafasi ya kuona kwamba foleni imeisha na hakuna aliyekufa. Kwa hiyo kila nilipomwendea mahali, nilimthibitishia bila neno kwamba huko nje kweli hakuendeki. Dunia yake ikawa inasinyaa. Mwanzoni ilikuwa umati, kisha ikawa barabara kuu, kisha geti, na kuna kipindi ilibaki chumba. Nasi wengine tulisinyaa naye. Nyumba nzima ilikuwa inanyata.

Huwezi kumlaumu kijana kwa hili, wala mzazi. Kila hatua ukiitazama peke yake ni wema. Tena jicho la nyumbani halifai kupima jambo kama hili. Lilihitaji mtu wa nje, na mtu wa nje alikuja kwa njia ambayo sikuitamani.

Usiku mmoja, umeme umekatika, tumekaa ukumbini gizani, kaka akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ingekuwa nafuu kwa kila mtu kama asingerudi. Nikamwuliza ana maana gani. Akasema, "Usimwambie mama." Nilimwambia mama alfajiri, kabla kaka hajaamka. Kaka alikasirika mno. Kwa muda mrefu alipita mbele yangu kama anapita mbele ya ukuta, na mimi nililia nikiamini nimempoteza kwa mdomo wangu. Lakini sikujuta, na sijuti. Ikiwa wewe ni kijana na unasoma hili ukiwa na siri ya namna hiyo kifuani, itoe leo kwa mtu mzima unayemwamini, na ikiwa hatari iko karibu, kwa huduma za dharura. Siri hiyo ni nzito kuliko ahadi yoyote. Kumwuliza mtu waziwazi, "Unafikiria kujiua?", hakumpandikizii wazo hilo, mara nyingi kunampa mlango wa kusema. Na kama ndani ya nyumba kuna silaha au dawa nyingi, watu wazima waziweke mbali asikofika. Kazi hiyo si ya mtoto, ila mtoto anaweza kuwa ndiye wa kwanza kuikumbusha.

Hivyo ndivyo kaka alivyofika hospitali. Daktari wa akili alimwanzishia dawa ya sertralini, ambayo ni ya sonona lakini hutumika pia kwa PTSD, na akampeleka kwa mwanasaikolojia. Kuna tiba za maongezi zilizothibitika kusaidia. Ipo inayomfanya mgonjwa apekue imani zilizomkwama, kama "ningewahi kidogo asingekufa", na kuzihoji moja moja. Ipo ya kufuatisha macho huku ukikumbuka, aliyoianzisha mwanasaikolojia Francine Shapiro mwaka 1987, ambayo mimi niliposikia mara ya kwanza nilidhani ni mazingaombwe, na bado matokeo yake ni mazuri. Kaka alipata ile iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia Edna Foa, ambayo kwa kawaida huchukua vikao kati ya 8 na 15. Ndani ya kikao unasimulia tukio lako macho yamefumbwa, kana kwamba linatokea sasa, unarudia na kurudia. Sauti inarekodiwa, na nyumbani unaisikiliza. Nje ya kikao una orodha ya mambo salama unayoyakwepa, kila moja limepewa alama ya hofu kuanzia 0 hadi 100. Unaanza na yaliyo mepesi, unapanda.

Alikuja chumbani kwangu na karatasi hiyo. Alikuwa ameikunja mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kuchanika. "Mdogo wangu," akasema, "nataka ubamize mlango."

Nilidhani ananitega. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu, mgongo wima, viganja juu ya magoti. Nikasimama, nikaushika mlango, nikausukuma.

"Huo umeufunga. Nimesema bamiza."

Nikajaribu tena. Mkono haukutaka. Kwa muda wote ule ulikuwa umezoea kuuwahi mlango pale mwishoni, kidole kikikaa kwenye ukingo ili mbao isigongane na fremu, kitasa kikishushwa taratibu mpaka ulimi wa kufuli uingie bila mlio. Sikuwa najua kwamba nafanya hivyo hadi nilipoambiwa niache. Mara ya tatu nilifumba macho nikautupa. Ukuta ulitikisika. Kaka aliruka, vidole vikazama kwenye godoro, uso ukabadilika rangi. Akavuta pumzi. "Sabini," akasema. "Tena."

Mama akapaza sauti kutoka huko jikoni: "Kuna nini huko?"

"Tiba!" kaka akajibu.

Tena. Sabini. Tena. Sitini na tano. Nilikuwa nalia, na katikati ya kulia nikaanza kucheka, naye akanitazama akasema, "Usicheke, unapunguza makali." Tukaendelea mpaka akafika 30 na akawa na sura ya mtu aliyechoshwa. Mwanasaikolojia alikuwa amemwambia kwamba kuchoshwa ni dalili nzuri kabisa. Siku zilizofuata aliuweka mlango kando, akahamia foleni, akaenda mwenyewe, mimi nikiwa nimekatazwa kumsindikiza. Hilo la kukatazwa liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimefutwa kazi.

Usilijaribu hili kwa mtu ambaye hajakuomba na hana mtaalamu. Mlango uleule, mshindo uleule, bila yeye kuuagiza, ni ukatili. Yeye ndiye aliyeandika orodha, yeye ndiye aliyesema "tena", na angeweza kusema "basi". Ona pia kwamba kanuni ya kitanda haikuingia kwenye orodha hiyo. Mpaka leo tunamwamsha kwa kumwita kutoka miguuni, kwa sababu mtu mwenye jinamizi anaweza kukupiga ngumi kabla hajajua ni wewe, na hilo litamuumiza yeye zaidi. Hiyo ilikuwa heshima na imebaki. Kiti kinachotazama mlango amekiacha mwenyewe, ingawa akichoka hukirudia.

Kuna jambo ambalo tiba ya mishindo haikuligusa. Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewatibu wapiganaji wa Vietnam kule Boston, aliandika katika miaka ya 1990 juu ya jeraha la kimaadili: pale mtu anapobomoka kwa kusalitiwa juu ya lililo haki na mwenye mamlaka. Waliomfuata wakapanua maana, wakaongeza anayobeba mtu kwa alichokifanya mwenyewe, alichoshindwa kukizuia, au alichokishuhudia. Hofu hushuka kwa mazoezi. Aibu haishuki hivyo. Kaka amenisimulia baadhi ya mambo, na mengine ameniambia wazi hatanisimulia kamwe. Nilipokuwa kijana niliamini nikiyajua yote nitamsaidia. Siku hizi nashukuru kwamba alikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Mdogo mtu akiambiwa yote, anayabeba yote, na hana mafunzo wala mshahara wa kazi hiyo.

Na mimi? Wataalamu wana jina kwa nilichokuwa nacho. Mtafiti wa familia, Pauline Boss, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za askari waliopotea vitani, akaona kuna msiba usiokuwa na kaburi. Akatambua kwamba upo wa aina mbili: mtu ametoweka lakini akilini yupo, au mtu yupo mbele yako lakini yule uliyemjua hayupo. Wangu ulikuwa wa pili. Huwezi kumlilia mtu ambaye yuko chumba cha pili anakohoa. Ukilia unaonekana unamkosea shukrani, maana wako ambao wao hawakurudi kabisa. Kwa hiyo nikawa mtoto mwema. Masikio yangu yalijua hali ya kaka kwa hatua zake tu: nzito na za haraka, kaa chumbani, nyepesi zenye kusitasita, hajalala, za kuburuta, leo kuna nafuu. Darasani nilisinzia. Mwalimu mmoja aliniuliza kama nyumbani kuna shida, nikajibu hapana kwa kasi iliyomfanya aulize tena siku nyingine, na siku hiyo nikamweleza. Alinipa saa moja kila juma ya kukaa ofisini kwake na kuzungumzia chochote isipokuwa kaka. Sijui kama alikuwa amesomea hilo au alibuni tu, lakini ningemshauri kila kijana aliye katika hali ile atafute saa kama hiyo. Timu, kwaya, jirani mwenye paka, popote ambapo hakuna anayeuliza, "Kaka yako anaendeleaje?"

Ruhusa nyingine niliyojipa kwa kuchelewa ni ya kukasirika. Kiwewe kinaeleza kwa nini mtu anafoka. Hakimpi haki ya kukufokea kila siku. Akifoka, ondoka chumbani. Akianza kurusha vitu au kuinua mkono, ondoka ndani ya nyumba na uite mtu mzima. Unaweza kumpenda ukiwa upande wa pili wa mlango.

Kazini kwangu kitu kikianguka, mimi ndiye wa kwanza kusema "ni kitu tu", na wenzangu hunishangaa. Nimeacha kujilazimisha kuacha.

Makala hii nilimpa kaka aisome kabla hujaisoma wewe. Ameniomba nifute aya mbili, nimezifuta. Kisha akalalamika kwamba nimemchora kama malaika mgonjwa, kila ubaya nimeusingizia vita. "Mimi nilikuwa nakera tangu zamani," akasema. Ni kweli. Alikuwa anachukua vitu vyangu bila kuomba tangu sijajua kusoma, alirudi kutoka vitani akaendelea kuvichukua, amepona kwa kiasi kikubwa na bado anavichukua. Chaja niliyotumia kuandikia haya ni ya kuazima, kwa sababu yangu anayo yeye.